Matundu Thelathini na Saba

Habari ya kifo cha mama Nyangi ilinikuta mikono yangu ina udongo hadi kwenye viwiko. Simu ililia juu ya rafu, nikaiacha. Ikalia tena, nikaibonyeza kwa pua kama ninavyofanya siku zote nikiwa kazini. Mwanawe akasema mama amepumzika asubuhi, maziko ni keshokutwa, kulekule Itiryo. Nikasema nakuja. Kisha nikarudi kwenye sahani ya udongo niliyokuwa naitoboa, kwa sababu udongo hausubiri mtu amalize kulia, nikakuta nimepoteza hesabu. Sahani zangu zina matundu thelathini na saba: moja katikati, sita yanalizunguka, kumi na mawili yanayazunguka hayo, kumi na manane yapo nje. Nimezitoboa miaka mingi hapa Issenye, za majiko ya magunzi, za matanuri ya matofali, za yeyote mwenye hewa ya moto anayotaka ipite kwa kipimo. Huwa sihesabu kwa mdomo. Siku ile nilihesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, na bado nikakosea, nikaiponda sahani yote nikairudisha kwenye tope.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka ishirini na miwili na kiburi cha kuwatosha watu watano. Ya nyumbani kwetu nayaacha, hayana uhusiano na haya. Nilifika uwanjani kwa mama Nyangi na begi moja na rula ya chuma niliyotoka nayo shuleni, nikiwa nimemaliza kidato cha sita na hesabu nzuri na sina pa kwenda. Alikuwa mfinyanzi ambaye wanawake walimfuata kutoka Susuni na hata ng'ambo ya mpaka, wanapanga mitungi kwenye majani makavu ya migomba na kuondoka nayo. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye vidole virefu visivyolingana na kimo chake. Alinipa nilale kwenye chumba cha vyungu vibichi. Chumba kile kilikuwa na dirisha moja dogo lililozibwa kwa gunia, kwa sababu upepo ukiingia vyungu vinakauka upande mmoja na kupasuka. Mlango haukufungwa wala haukufunguliwa, uliachwa nusu kwa jiwe. Nililala humo katikati ya mitungi arobaini hivi, kila kitu kinanuka ardhi iliyonyeshewa, na usingizini nilikunja miguu nisije nikavunja kazi ya wiki nzima. Mpaka leo nalala nimejikunja. Mume wangu alishazoea.

Kulikuwa na sheria uwanjani kwake, na ninaieleza sasa kwa sababu bila hiyo mengine hayaeleweki. Mtu mmoja tu ndiye anayewasha moto wa kuchomea vyungu. Akishauwasha, kila kilichomo ni chake, hata kama kilifinyangwa na mikono mingine. Kikitoka kizuri ni sifa yake, kikitoka kibaya ni lawama yake. Na tangu moto unapowaka mpaka majivu yanapopoa, hakuna anayetaja kasoro ya kitu kilichomo ndani. Ukiona ulikosea, unameza. Nilipomuuliza kwa nini, alisema ndivyo alivyokuta kwa mama yake, na kwamba wakati ule maneno hayasaidii chungu, yanamsumbua tu anayetazama moto. Mimi niliona ni mambo ya kizamani. Nilikuwa naona karibu kila kitu ni cha kizamani mwaka ule.

Fundi Masanja alikuja mwezi wa tatu, juu ya bodaboda, ameshika bati lililopinda. Alikuwa Msukuma aliyekuja Tarime kutafuta dhahabu, akakaa mashimoni miaka miwili, akatoka huko na kikohozi na wazo moja kichwani. Wazo lenyewe lilikuwa jiko. Alimjengea mama Bhoke, mwenye hoteli pale machimboni, jiko lisilokula kuni. Lilikuwa na pipa refu la kujazia magunzi ya mahindi, na juu ya pipa kifuniko kizito. Magunzi yalichomwa kwa chini bila hewa ya kutosha, yakatoa moshi mzito wa moto, na moshi ule ukapitishwa kwenye sahani yenye matundu na kuwaka juu yake, chini ya sufuria. Sahani ya kwanza aliitengeneza kwa chuma. Ikapinda baada ya wiki tatu. Ndiyo hiyo aliyokuwa ameishika.

"Shikamoo mama," alimwambia mama Nyangi. "Nimeambiwa wewe udongo wako hauogopi moto."

"Marahaba. Kila udongo unaogopa moto, mura," alisema, akimwita kijana kwa Kikurya. "Wangu unavumilia tu."

Tulimpa kigoda. Mama Nyangi akasonga ugali wa mtama na muhogo, tukala na dagaa na maziwa ya mgando, na fundi akatueleza huku akichora kwa kijiti chini. Alisema sahani ndiyo roho ya jiko. Matundu yakiwa makubwa, hewa ya moto inapita ovyo, moto unakuwa mwekundu na masufuria yanajaa masizi. Matundu yakiwa madogo, hewa inakosa njia, inarudi ilikotoka, inajaa kwenye pipa. "Na ikijaa kwenye pipa," alisema, "mtu akifunua kile kifuniko, inapata hewa ya nje, inalipuka. Haiui, lakini inachoma." Alitoa boliti mfukoni, akanipa mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na karatasi na rula. "Tundu lipitishe boliti hii, isibane, isicheze. Sahani ikitoka motoni, kabla ya kunipa, pitisha hii kwenye matundu yote." Nikaona fahari kupewa ile boliti. Mama Nyangi aliitazama kiganjani mwangu, akaigusa kwa ncha ya kidole, akaendelea kula.

Tulisaga vigae vya mitungi iliyovunjika, tukachanganya na udongo wa mtoni ili sahani isipasuke. Mama Nyangi alitandaza donge kwenye ubao, nene kama kiganja, akatoboa kwa bua la mtama. Bua lile lilikuwa nene kuliko boliti. Niliona kwa macho, nikapima kwa rula, nikaona tena. Nikamwambia, "Mama, matundu makubwa." Akasema, "Ndivyo yanavyotobolewa." Nikauliza, "Kwa nini?" Akaniambia tena vilevile, bila hasira, akiendelea kutoboa. Hakunieleza zaidi ya hapo, na mimi nikaamua moyoni kwamba mwanamke huyu anajua mitungi lakini hajui vipimo, kwamba fundi amenikabidhi mimi kazi ya akili na yeye kazi ya mikono. Naandika haya nikiwa mtu mzima na uso wangu unawaka moto.

Kesho yake alikwenda kwenye mkutano wa wanawake wa kanisani akaniachia uwanja. Nilichukua ile sahani ikiwa bado mbichi, nikaiponda, nikatandaza nyingine. Nilichora mistari kwa rula, nikatoboa matundu thelathini na saba kwa boliti yenyewe, yakatoka sawa kama yameshonwa kwa cherehani. Nilitengeneza pia kipande kidogo cha majaribio, nikachomeka boliti humo, nikakisahau nyuma ya ungo. Mama Nyangi aliporudi alikuwa amechoka na jua. Alipitisha kiganja juu ya sahani kuona kama imelala sawa, akasema "Haya," akaifunika kwa gunia. Alikuwa anapima ubapa, hakuwa anapima matundu. Hakuwa na sababu ya kuyapima, aliyatoboa mwenyewe.

Sahani ilikauka wiki mbili. Asubuhi ya kuchoma, tulipanga mitungi na sahani katikati, tukazungushia kuni na mavi makavu ya ng'ombe, na majani juu. Mama Nyangi akawasha. Moto ukashika. Akaniagiza ungo, nikaenda kuuchukua, na nyuma yake nikakuta kile kipande changu. Kilikuwa kimekauka, kimeibana boliti kwa nguvu, na kwa kubana huko kimepasuka vipande vitatu. Nilisimama pale na kipande kimoja mkononi. Kwanza sikuelewa, nikadhani kimekanyagwa. Kisha nikaelewa yote kwa mara moja: udongo ukikauka unasinyaa, na ukichomwa unasinyaa tena. Bua nene la mama Nyangi lilikuwa limehesabu hayo yote. Tundu nililotoboa sawa na boliti likiwa bichi, halingepitisha boliti tena maishani.

Moto ulikuwa umewaka. Kumbuka ile sheria. Niliyoiita ya kizamani, sasa niliikumbatia kwa mikono miwili, kwa sababu ilinipa ruhusa ya kunyamaza. Nilimpelekea ungo, nikakaa mbali kidogo, nikatazama moshi ukipanda. Alikuwa anaimba chinichini wimbo wa kanisa. Akaniuliza, "Mbona umepoa hivyo?" Nikasema kichwa kinaniuma. Akanipa uji.

Sasa, sheria ilikuwa na mwisho wake, na mwisho wake ni majivu kupoa. Yalipoa mchana wa siku ya pili. Tuliitoa sahani, ikiwa nyekundu nzuri, haina ufa hata mmoja, ukiigonga inalia kama chuma. Mama Nyangi aliifurahia. Nilijificha nayo kwenye chumba cha vyungu nikajaribu boliti kwenye tundu la katikati, haikuingia. Nikajaribu sita ya kulizunguka, kumi na mawili, kumi na manane, kana kwamba mojawapo lingenionea huruma. Yote thelathini na saba yalikataa. Nikiwa humo ndani nikasikia pikipiki, na sauti ya fundi Masanja ikimsalimia mama, ikisema ana haraka, Bhoke anamsumbua, wachimbaji wanataka chai. Nikatoka na sahani mikononi na boliti mfukoni.

"Boliti inapita?" fundi aliuliza.

Mama Nyangi alikuwa amesimama pembeni yake, anafuta mikono kwenye kanga, anatabasamu. Na fundi alikuwa ameshasema, mara nyingi, mbele za watu, kwamba akipata kazi kubwa Mugumu atanichukua mimi niwe mpimaji wake, kwa sababu mimi nina akili ya kipimo.

"Inapita," nilisema.

Akaifunga sahani kwenye gunia, akaondoka nayo. Alisema jiko litawashwa baada ya siku tatu, udongo wa kuziba kingo ukishakauka, na sisi tuje tunywe chai ya kwanza. Siku tatu hizo nimeziishi mara nyingi kuliko harusi yangu. Nilikwenda mtoni na ndoo nikarudi bila maji. Nilikula ugali bila kujua nimetia nini mdomoni. Kila asubuhi niliamka nikiwa nimeshapanga maneno: mama, niliiponda sahani yako. Kisha namkuta ameshakaa kwenye kigoda chake, ananitania, "Mpimaji wa Mugumu ameamka," na maneno yanarudi tumboni. Nilijifariji kijinga. Nilisema labda moto wenyewe utayapanua matundu. Nilisema labda fundi atapima tena mwenyewe. Boliti nilikuwa nayo mimi.

Hoteli ya Bhoke ilikuwa mabati matatu na turubai, meza mbili ndefu, na nyuma yake jikoni. Bhoke alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, wa umri wa mama yangu mdogo, na alimpenda mama Nyangi waziwazi. Siku zote alipomwona kwa mbali aliacha alichoshika, akapiga goti kidogo katikati ya hoteli na kutoa shikamoo ambayo wachimbaji wote waliisikia. Siku ile alifanya vilevile. "Shikamoo mama yangu, leo utapika na wewe." Mama akaitikia, akacheka. Wachimbaji walikuwa wamejaa mezani, Wasukuma, Waha, Wakurya wa pale pale, wanabishana kama magunzi yanaweza kuchemsha supu ya kongoro. Mmoja alisema huu ni ushirikina wa Masanja. Mwingine alisema acheni, bora ushirikina kuliko kukimbizana na askari wa hifadhi kwa sababu ya mzigo wa kuni.

Fundi aliwasha kwa chini. Tulisubiri. Moto ulitokea juu ya sahani, buluu, mzuri, lakini mfupi, umelala kwenye matundu kama hauna nguvu ya kusimama. Watu wakashangilia. Mimi sikuweza kushangilia. Nilikuwa natazama pipa. Kwenye ukingo wa kifuniko moshi wa njano ulianza kutoka, kidogo, kisha zaidi. Fundi alikuwa amepiga magoti anachungulia chini, anasema, "Mbona haivuti?" Bhoke akasema labda magunzi yamekwisha. Akashika mpini wa kifuniko kwa kanga.

Nilijua. Katika uwanja ule wote hapakuwa na mtu mwingine aliyejua, ni mimi peke yangu, na ninachokumbuka ni kwamba nilipata muda. Watu husema ilitokea ghafla. Haikuwa ghafla. Aliishika kanga, akaikunja mara mbili, akaizungusha kwenye mpini, akamwambia mtu sogea. Nilikuwa na muda wa kusema sentensi nzima. Nilisema, "Mama Bhoke," kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, na yeye akageuka kuniangalia huku mkono unanyanyua.

Ilivuma mara moja tu. Ulimi wa moto ulitoka ukamlamba mkono wa kulia kuanzia kiganjani hadi juu ya kiwiko, ukazima. Hakupiga kelele. Alikaa chini, akautazama mkono wake, akasema, "Jamani," taratibu. Watu wakaleta maji. Wakampandisha kwenye pikipiki kumpeleka kwenye zahanati, mmoja amekaa nyuma yake kumshika asianguke. Alipona, mkono ulifanya kazi, lakini ngozi yake ilibaki imekunjamana na kung'aa, na vidole viwili havikunyooka tena.

Jiko lilipopoa fundi aliichomoa sahani mbele ya watu wote. Aliokota boliti nyingine kwenye mfuko wake wa kazi, akajaribu tundu la kwanza, la pili, la tatu. Akanyanyua macho akaniangalia. Nilikuwa karibu na mlango. Alifungua mdomo. Mama Nyangi alikuwa amemwona, na sijui alielewa kiasi gani. Nafikiri aliona tu kijana anataka kumlaumu mtu kwa ajili ya kitu kilichotoka motoni kwake. Alimpokonya sahani, akaingiza kidole chake kidogo kwenye tundu, kikakwama kwenye kucha. Nilimwona akikunja uso, kwa sababu kidole chake kiliyafahamu matundu yake. Kisha akasema, kwa sauti ya kusikika hadi mezani, "Moto niliuwasha mimi."

Basi. Na watu walichukua hilo, kama watu wanavyochukua. Tulipokuwa tunaondoka nilimsikia mchimbaji mmoja akimwambia mwenzake, "Bibi amezeeka, jicho limekwenda." Mwenzake akajibu, "Wangemwacha na mitungi yake." Mama Nyangi alikuwa mbele yangu hatua mbili na alikuwa na masikio mazuri. Fundi Masanja alinifuata njiani akanishika kiwiko. "Uliniambia inapita." Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi ni mgeni hapa, sitaingilia. Mwambie mwenyewe." Mwezi uliofuata alihamia Geita, na ile kazi ya Mugumu hakuna aliyeitaja tena.

Nilimwambia mama Nyangi asubuhi iliyofuata ajali, tukiwa tunakanda udongo. Nilisema yote, sahani niliyoiponda, kipande, boliti, siku tatu. Aliendelea kukanda mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "Udongo unakula. Unakula ukikauka na unakula motoni. Ungeniuliza."

"Nilikuuliza, mama. Ulisema ndivyo yanavyotobolewa."

"Uliniuliza kama mkaguzi wa shule." Akafuta mikono. "Na mimi nilikujibu kwa kiburi. Hilo la matundu tugawane. Hizo siku tatu ni zako." Akanipa bua la mtama na donge la udongo, akasema toboa. Nilitoboa thelathini na saba huku nalia na pua inatiririka. Nilipomaliza akasema, "Sasa nenda kwa Bhoke ukamwambie." Nikamuuliza kwa nini asimwambie yeye, amwambie tu kwamba ni mimi. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini asiende uchi sokoni. "Mimi nimeshasema moto ni wangu. Nitarudi tena niseme si wangu? Wewe ndiye unayeweza kusema."

Nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza Bhoke alikuwa zahanati. Mara ya pili hoteli ilikuwa imejaa watu, nikasema siwezi mbele ya watu. Mara ya tatu alikuwa peke yake, anachambua mchele kwa mkono wa kushoto, amezoea kuni na mafiga tena, na masufuria mapya ya bati yanang'aa ukutani. Nilisimama mlangoni. Akasema, "Karibu, Robi. Bibi yako hajambo?" Hakusema "mama yangu" kama zamani. Nikasema hajambo. Nikanunua maandazi mawili. Mwishoni mwa mwaka nikapata nafasi chuoni Musoma, nikaondoka, na sahani ya pili iliyotoka safi, yenye matundu yanayopitisha boliti yote thelathini na saba, ikabaki kwenye kona ya chumba cha vyungu kwa sababu hapakuwa na jiko la kuiweka. Miaka yote baadaye nilimtumia mama Nyangi nguo, sukari, picha za watoto. Nilikwenda kumtazama. Hakuniuliza tena kuhusu Bhoke. Na mimi nilijenga maisha yangu yote juu ya bua lake la mtama, na watu wa Serengeti nzima wananiita fundi.

Itiryo nilifika saa tano. Uwanja ulikuwa uleule, turubai limefungwa pale tulipokuwa tunachomea. Nilikaa na wanawake waliokuwa wanamenya ndizi, nikashika kisu. Wawili nyuma yangu walikuwa wanaongea, hawakunijua. Mmoja alisema, "Alikuwa mfinyanzi hasa huyu mama. Mpaka mwaka ule alipomchoma Bhoke." Mwenzake akasema, "Mkono wake wa ufinyanzi ulikuwa umeshakwisha, lakini nani angemwambia." Miaka kumi na minane ilikuwa imepita. Niliendelea kumenya ndizi ileile mpaka haikubaki kitu.

Msemaji wa familia aliposimama kando ya jeneza na kuuliza kama kuna mwenye neno la mwisho, nilinyanyuka kabla hajamaliza kuuliza. Sikusema vizuri. Sikutaja fadhila wala sikutoa pole. Nilisema jina langu, nikasema sahani iliyomchoma Bhoke niliitoboa mimi, kwa boliti, kwa ujuaji wangu, nikiwa nimeiponda ile sahani sahihi aliyoitoboa marehemu. Nikasema nilijua siku tatu kabla. Nikasema nilimwona Bhoke akizungusha kanga kwenye mpini na nilikuwa na muda wa kusema. Nikasema mkono wa mama Nyangi haukuwahi kukosea, na yeyote aliyeacha kununua kwake kwa sababu ile aliacha kwa sababu yangu. Upepo ulikuwa unapiga turubai. Hakuna aliyenizomea, ningependelea wanizomee.

Bhoke alikuwa kiti cha mbele. Amezeeka, nywele zimekuwa nyeupe, amevaa mikono mirefu na jua lote lile. Alinyanyuka kwa shida. Nilidhani anakuja kunipiga na nilikuwa nimeshajiweka tayari, sikurudi nyuma. Alisimama mbele yangu karibu sana.

"Alikuwa akipita pale kwangu na mitungi yake," alisema. "Ananisalimia yeye kwanza. Mtu mkubwa vile, ananisalimia yeye kwanza, na mimi naitikia huku natazama pembeni. Miaka yote hii sikumpa shikamoo."

"Nisamehe, mama Bhoke."

"Umenichelewesha, Robi," alisema.

Akanipita. Akaenda hadi kwenye jeneza, akavuta mkono wa gauni hadi juu ya kiwiko, akaweka ule mkono wenye kovu juu ya mbao, na akapiga goti kama alivyokuwa anapiga zamani katikati ya hoteli.

"Shikamoo mama yangu," alisema, kwa sauti yake ileile kubwa.

Wanaume walikuwa wameshashika kamba za kuteremshia jeneza. Wakaziachia, wakasimama, na sisi wote tukakaa kimya kwa muda ambao mtu angeitikia marahaba.